Nyumba ya wazee Lubumbashi: mukague nini kabla ya kumpeleka mzazi?

Mtoto wa Kamalondo

Jambo yenu wote. Mama yetu ana miaka 78, ana presha na sukari, anatembea na fimbo, na tangu mwaka jana anachanganya siku. Anakaa kwenye lupango (kiwanja chenye nyumba) la familia na mjukuu anayesoma, kwa hiyo mchana kutwa yuko peke yake. Watoto tuko wanne: mmoja Kolwezi, mmoja Kitwe, mmoja Johannesburg, na mimi niko mjini lakini narudi usiku. Tumetajiwa nyumba mbili, moja ya masista, nyingine ya mtu binafsi upande wa komini ya Annexe. Sitafuti majina hapa. Nataka kujua mwenye kuelewa kazi hii anaangalia nini akiingia mlangoni, anauliza nini, na ishara gani inamfanya ageuke arudi.

Muuguzi Kampemba

Ndugu, kabla ya kupima nyumba mumpime mama. Andikeni mambo sita kwenye karatasi: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani mpaka kwenye kiti, kuzuia haja, kula. Mbele ya kila moja andika "peke yake", "anasaidiwa" au "hawezi". Mufanye siku ya kazi ya kawaida. Jumapili mbele ya wageni kila mzee anajikaza.

Halafu kipimo cha kiti. Akae kwenye kiti cha kawaida, ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae, na fimbo yake mkononi. Chukua saa. Ikizidi sekunde 12 yuko kwenye hatari ya kuanguka. Angalia pia anavyogeuka: mwenye kugeuka kwa hatua ndogo ndogo nyingi ndiye anayeanguka usiku.

Karatasi hiyo ndiyo inaamua. Kama anashindwa kuoga na kuvaa tu, msaidizi wa mchana nyumbani anatosha na gharama inakuwa ndogo. Kama anashindwa kwenda chooni na kuinuka kitandani, anahitaji mtu usiku, na usiku ndio unaoleta familia nyingi kwenye swali lako.

Jambo moja la haraka. Kuchanganya siku polepole kwa mwaka mzima ni kitu kimoja. Kuchanganyikiwa ghafla kwa siku mbili tatu ni kitu kingine, na huyo anaenda lopitali kwanza. Malaria, maambukizi ya mkojo, kukosa maji mwilini, sukari kushuka, hata tumbo kufunga siku nyingi, vyote vinaweza kumfanya mzee aongee ovyo, na vyote vinatibika. Usimsajili mtu kwenye nyumba akiwa katika hali hiyo. Utalipia huduma ya mgonjwa asiyejitambua, na baada ya wiki mbili anaweza kuwa amerudia akili yake.

Kuhusu aina za nyumba: nyingi nchini mwetu zilianzishwa na masista au makanisa kwa wazee waliobaki bila mtu. Ndiyo maana nyingine zinakataa mzee mwenye watoto mjini, au zinampokea kwa mchango wa kila mwezi. Muulizeni hilo siku ya kwanza, kabla mama hajaonyeshwa chumba. Za watu binafsi zinapokea kwa urahisi zaidi, na kwa hiyo ukaguzi wake uwe mkali zaidi. Muombe waonyeshe karatasi zao za Division des Affaires Sociales (ofisi ya serikali ya mambo ya jamii), na jina la daktari anayepita, siku anayopita, na daftari anamoandika. Daktari "tunayemwita ikihitajika" si daktari wa nyumba.

Fundi Ruashi

Wauguzi waseme ya kwao, mimi niseme ya ukuta na sakafu. Njoo na mita ya kupimia, hakuna atakayekufukuza.

Mlango wa chumba na wa choo: upime uwazi wenyewe mlango ukiwa umefunguka, usipime fremu. Uwe na sentimita 80. Kiti cha magurudumu kinachukua kama 65 mpaka 70, na mikono ya mtu anayejisukuma inataka nafasi yake. Milango mingi ya vyoo mjini kwetu ina 60 au 70. Angalia pia unafungukia wapi. Mlango wa choo ufungukie nje. Mzee akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake ndio komeo, na mnaanza kung'oa bawaba huku yeye analia sakafuni.

Mteremko wa kiti cha magurudumu: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha 15 kinataka mita 1 na 80. Baraza la 30 linataka mita 3 na 60. Ukikuta mteremko wa mita moja unapanda baraza la 30, huo umejengwa kwa kuonyeshwa wafadhili. Na saruji yake isilainishwe kama meza. Ipigwe mistari ya ufagio ingali mbichi, la sivyo mvua ya Novemba inaugeuza kuwa sabuni.

Bomba la kushikia chooni: unene wa sentimita 3 mpaka 4, nafasi ya 4 kati yake na ukuta, kimo cha 80 mpaka 90 kutoka sakafuni. Lishike kwa mikono miwili ujiachie kwa uzito wako wote. Usione haya. Kwenye bloku zenye matundu, plagi ya plastiki inashika ganda jembamba tu, inatoka siku mzee anapolitegemea. Bolti lipite ukuta mzima na kuwe na bamba la chuma upande wa pili, au bloku lile lijazwe zege kabla.

Kiti cha choo kiwe na kimo cha sentimita 45 mpaka 50. Choo cha kuchuchumaa peke yake hakifai kwa magoti ya miaka 78, lakini hakikatazi nyumba: seremala anatengeneza kiti chenye tundu cha kuwekwa juu yake, miguu minne imepanuka chini. Kitikise. Kikicheza, hapana.

Wa Ruashi Matoleo

Fundi umesahau maji.

Fundi Ruashi

Sijasahau, nilikuwa nakuja. Kwa wagonjwa waliolazwa, kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni lita 40 mpaka 60 kwa mtu kwa siku, na mzee anayejikojolea hana tofauti na mgonjwa wa kulazwa. Chukua 50. Wazee 12 ni lita 600 kwa siku. Tanki la lita 1,000 wanalolisifia pale uani halifiki siku mbili. Kwa hiyo usiulize "muna maji?", watakujibu ndiyo. Uliza bomba la REGIDESO (kampuni ya maji) linatoka siku gani na saa gani. Kama ni foraji (kisima cha kuchimbwa kwa mashine), pampu inaendeshwa na nini SNEL (kampuni ya umeme) ikikata? Kama ni jenereta, omba iwashwe mbele yako. Kama wanachota kwa bidoni za lita 20, 600 ni bidoni 30 kila siku. Nani anazibeba?

Njia rahisi ya kujua ukweli: angalia kamba za kuanikia nguo. Nyumba ya wazee 12 bila shuka kwenye kamba saa nne asubuhi haina maji, au haibadilishi shuka.

Muuguzi Kampemba

Hiyo ya kamba nimeipenda. Niongeze usiku, maana mchana kila nyumba ni nzuri.

Mzee asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila saa 2, na kwa kumgeuza bila kumburuza wanatakiwa watu wawili. Mburuzo ndio unaochana ngozi. Piga hesabu: wazee 6 wa kitandani, dakika 10 kila mmoja pamoja na kubadilisha kilicholowa, ni saa nzima kwa kila mzunguko. Kwa hiyo wafanyakazi wawili wa zamu wanatumia nusu ya usiku kugeuza tu. Ukiambiwa kuna mlinzi mmoja wa usiku ambaye "pia anasaidia wazee", umeshajibiwa: hawageuzwi.

Omba ruhusa ya kuona mzee wa kitandani, yeye mwenyewe akikubali. Vidonda vinaanza kwenye mfupa wa chini ya mgongo, kwenye nyonga na kwenye visigino. Vitabu vinasema tafuta wekundu usiopotea ukibonyeza. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani. Tumia mgongo wa mkono wako: sehemu iliyo na joto kuliko jirani yake, au iliyo ngumu kama unga ulioganda, au iliyoiva rangi kuliko pembeni, hapo kidonda kimeshaanza ndani. Visigino vinatakiwa vielee, mto uwe chini ya ndama za miguu. Ukiona mpira wa duara kama pete umewekwa chini ya makalio, wanafuata mtindo wa zamani. Pete hiyo inakaba damu pembeni ya kidonda na kukiongeza.

Muende mara mbili. Mara ya kwanza kwa miadi. Mara ya pili bila taarifa, saa kumi na mbili asubuhi, zamu ya usiku ikiwa bado haijaondoka. Harufu ya mkojo saa nne inaweza kuwa ya ajali ya dakika tano zilizopita. Ikiwa imeingia kwenye magodoro saa kumi na mbili, ni ya usiku kucha. Wakikukatalia saa hiyo kwa sababu ya heshima ya wazee wanaooga, sawa, kaa barazani usikilize. Kengele au sauti inayoita bila kujibiwa robo saa inatosha kukuambia.

Mama Bendera

Mumefika kwenye usiku, basi msisahau mwezi wa sita na wa saba. Lubumbashi usiku unashuka chini ya nyuzi 10 na mzee hatengenezi joto kama kijana. Uliza blanketi ngapi kwa kitanda (mbili ni kidogo), na madirisha yana vioo vyote au yamezibwa na karatoni. Halafu uliza swali hili moja: munapasha chumba na nini? Wakisema mbabula (jiko la makala), ondoka. Makala yakiwaka kwenye chumba kilichofungwa yanatoa gesi isiyo na harufu wala moshi, watu wanalala na hawaamki. Mbabula inakaa nje, inachemsha maji ya chupa za kuweka miguuni, chupa zimefungwa ndani ya kikwembe zisichome ngozi. Mwenye sukari miguu yake haisikii moto, atachomeka bila kusema.

Yaya wa Katuba

Nasoma tu nashangaa. Mama wa watoto wanne anapelekwa kwa masista kama mtu asiyezaa? Watu watasemaje? Gharama hiyo yote mungemlipa dada wa kijijini akakaa naye.

Karani wa sheria

Yaya, hoja yako ina uzito na wala si ya kizamani. Sheria yenyewe iko upande wako kwa sehemu: Code de la famille ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawalazimisha watoto kuwatunza wazazi wao wenye uhitaji, na Katiba ya 2006 kifungu cha 49 inampa mzee haki ya ulinzi maalumu. Lakini hakuna inaposema utunzaji huo ufanyikie chini ya paa gani. Mtoto anayelipa, anayetembelea na anayesimamia dawa anatimiza wajibu. Anayemfungia mama ndani kutwa na chungu cha bukari (ugali) mezani hautimizi, hata kama wako kwenye lupango moja.

Na huyo dada wa kijijini anayelala chumba kimoja na mama mwaka mzima bila siku ya kupumzika, bila kufundishwa kuinua mtu, baada ya miezi michache mgongo wake umekwisha na maneno yake yamekuwa makali. Mukichukua njia hiyo, wawe wawili kwa zamu, na mshahara uandikwe.

Kuna jambo zito zaidi ambalo hakuna aliyelitaja: bulozi, yaani uchawi. Mzee anayeongea usiku, anayezurura, anayesahau majina ya wajukuu, mjini kwetu anaweza kuitwa mulozi, na wengine walio kwenye nyumba za wazee walifukuzwa na familia zao kwa neno hilo. Kwa hiyo muulize msimamizi waziwazi: mzee akituhumiwa hapa na mwenzake au na mfanyakazi, mnafanya nini? Jibu zuri ni fupi, kwamba anayetuhumu anaonywa na daktari anaitwa kumwona mzee. Ukisikia maombi ya kumfungua, kufunga kula siku tatu, au kuacha dawa kwanza, chukua mama yako uende.

Farmasi Bel-Air

Kufunga kula kwa mwenye sukari, hapo nadakia. Kama mama anameza glibenclamide, kidonge kile kinashusha sukari hata asipokula, na kwa mzee kinakaa mwilini muda mrefu. Amekataa chakula cha asubuhi, wakampa kidonge kwa sababu kiko kwenye orodha, saa tano anatoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo. Wasiojua watasema ni uzee. Vipande 3 au 4 vya sukari kwenye maji, kama anaweza kumeza, baada ya dakika 15 wapime tena, halafu ale. Akiwa hajitambui, usimpe kitu mdomoni, lopitali mara moja. Uliza nyumba ina kipimo cha sukari, na vijiti vyake vinaisha muda lini. Kipimo bila vijiti ni pambo. Na muongee na daktari wake kama kuna dawa nyingine inayomfaa zaidi kwa umri wake.

Waulize pia wanafanyaje mzee akishindwa kumeza kidonge. Wengi wanasaga. Nifedipine ya kutoka polepole ikisagwa inatoka yote kwa mara moja na presha inaanguka vibaya. Kidonge cha aina hiyo kinabadilishwa, hakisagwi.

Halafu fungua kabati lao la dawa. Mimi natafuta vitu viwili: kama dawa za kila mzee ziko kwenye kifuko chenye jina lake, na kama kuna boksi kubwa la diazepam la watu wote. Hilo la pili linamaanisha wazee wanalazwa kwa dawa ili zamu ya usiku ipumzike. Mzee wa diazepam anaamka kwenda chooni akiwa amelewa na kuvunja nyonga. Ukifika saa tisa alasiri ukakuta wote wamesinzia vitini midomo wazi, usiseme wamechoka na jua.

Presha ipimwe amekaa, halafu tena baada ya kusimama dakika 1 mpaka 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, huyo ndiye anayeanguka alfajiri akitoka kitandani, na pengine dawa zake zimezidi. Ni nyumba chache zinazopima hivyo. Ukikuta moja, una sababu kubwa ya kuichagua.

Muuguzi Kampemba

Na chandarua, docta wangu. Lazima kiwepo, malaria haina huruma na mzee. Ila chandarua cha duara kinachoning'inia mpaka sakafuni kinafunga miguu ya mtu anayeamka gizani. Bora cha pembe nne, upande wa kushukia ukunjwe chini ya godoro kwa namna ambayo mama anaweza kuuchomoa mwenyewe. Na taa ndogo ya sola yenye betri kati ya kitanda na choo, iwake usiku kucha SNEL iwepo isiwepo.

Mpishi wa komini ya Kenya

Mnisamehe, hamjagusa jikoni.

Fika saa ya kula, bila miadi. Usiangalie sahani inavyotoka jikoni, angalia inavyorudi. Mabaki mengi mbele ya wazee wale wale wawili watatu maana yake hakuna anayewalisha. Mzee mmoja anayelishwa vizuri anachukua kama nusu saa. Mfanyakazi mmoja akilisha watano, wa tano anakula bukari baridi.

Bukari lenyewe linahitaji akili. Mzee mwenye meno mawili au aliyepata kiharusi, tonge gumu linamkaba. Lisongwe laini, tonge dogo, lichovywe kwenye mchuzi. Sombe (majani ya muhogo) itwangwe sawasawa, nyuzi zake zinashika kooni. Dagaa wasagwe. Na maji matupu, ambayo tunadhani ndiyo mepesi kuliko vyote, ndiyo yanayopita njia mbaya kwanza: akikohoa kila anapokunywa, mwambie muuguzi, na uji mzito kidogo utapita salama kuliko chai. Akae wima kabisa akila, asilazwe kwa nusu saa baada ya kula. Nyumba inayolisha watu wakiwa wamelala chali haifai, hata ikiwa na kanisa zuri.

Mwenye sukari hahitaji chungu chake peke yake. Anahitaji tonge dogo, mboga nyingi, na saa zisizobadilika.

Omba daftari la uzito. Mtu wa kilo 60 akipoteza 3 kwa mwezi, hiyo ni asilimia 5, ni kengele. Hakuna mzani? Basi hakuna anayejua kama wanakula.

Mtoto wa Kamalondo

Aksanti mingi, ni zaidi ya nilivyotarajia. Yaya wa Katuba, hata nyumbani kwetu tunabishana vilevile. Sasa nieleweshwe feza. Ile ya mtu binafsi inasema bei "kila kitu ndani". Na wanataka karatasi za lupango "kama dhamana".

Karani wa sheria

Karatasi za lupango: hapana. Hata nakala hapana. Certificat d'enregistrement (hati ya lupango) inabaki kwa familia, mahali ambapo ndugu wote wanajua, na nyumba ya wazee haina sababu yoyote ya kuiona. Dhamana ni feza ya mwezi mmoja, inaandikwa, inarudishwa.

Prokurasio (karatasi ya kumruhusu mtu atende kwa niaba yake) muifanye sasa, mama akiwa bado anaelewa anachosaini. Akishapotea akili mnothari atakataa, na atakuwa na haki. Iwe ya mambo yaliyotajwa kimoja kimoja: kupokea pansheni, kulipa nyumba, kusaini lopitali. Isiandikwe kuuza. Na inakufa siku anapokufa yeye, kwa hiyo anayeendelea kuitumia baada ya msiba anavunja sheria. Kama baba au mama alikuwa na kazi ya mkataba, ulizeni CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii), ambayo zamani ilikuwa INSS, haki zake zimefikia wapi, pamoja na za mjane. Aliyefanya kazi Gécamines (kampuni ya madini) au SNCC (kampuni ya reli), ulizeni pia kama bado ana haki ya matibabu kupitia kampuni, kabla ya kulipia daktari mara mbili.

"Kila kitu ndani" iandikwe kimoja kimoja. Chakula, kufua, dawa, daktari, pampasi, taksi ya kwenda lopitali usiku. Pampasi peke yake zinabadilisha hesabu: mzee anayejikojolea anatumia 3 mpaka 4 kwa siku, yaani 90 mpaka 120 kwa mwezi. Zidisheni kwa bei ya dukani kwenu kabla ya kusaini. Mkinunua wenyewe, peleka kwa wiki, kila moja imeandikwa jina kwa kalamu ya wino, la sivyo zinavaliwa na nyumba nzima. Kama bei ni ya dola, andikeni mtalipa franga kwa kiwango cha siku gani.

Mambo mawili watu wanaona aibu kuandika. Kwanza, taarifa ya kuondoka: siku 15 au 30, na feza ya siku zisizotumika inarudi. Pili, kifo. Nani anapigiwa, wa pili ni nani kama wa kwanza hapokei, mwili unaenda morgi gani, nani analipa gari. Msipoandika, mtajadiliana saa tisa usiku kwenye simu tatu za nchi tatu.

Wa Ruashi Matoleo

Kwa ndugu wa nje: yule wa Johannesburg asitume feza kwa msimamizi moja kwa moja huku wa Kitwe naye anatuma, halafu hakuna anayejua nani alilipa nini. Mtu mmoja mjini anapokea kwa M-Pesa au Airtel Money, analipa, anapiga picha risiti na kuiweka kwenye grupu la WhatsApp siku hiyo hiyo. Na dawa zinunuliwe na huyo wa mjini, zisinunuliwe na nyumba.

Halafu barabara. Umesema Annexe. Nenda siku ya mvua, au uulize taksi kama inafika pale mwezi wa kwanza usiku. Nyumba nzuri ambayo gari halifiki ina maana machela mpaka barabarani. Pima muda halisi mpaka lopitali ya Sendwe au kliniki za chuo kikuu saa mbili usiku, usihesabu kilomita.

Mtoto wa Kamalondo

Swali la mwisho. Mama anasema hataki. Tumwambie anaenda kupumzika siku mbili?

Muuguzi Kampemba

Hapana. Ukimdanganya, kila mtu atakayevaa nguo nyeupe mbele yake atakuwa adui, na atakataa dawa. Mpeleke kwanza kunywa chai, arudi. Tena mchana mmoja. Halafu majaribio ya wiki 3 au 4 yaliyoandikwa kwamba ni majaribio, chumba chake Kamalondo kikiwa kama alivyokiacha. Wiki ya kwanza mmoja wenu awepo kila siku, kwa hiyo msianze wakati wewe una kazi nyingi na wengine hawajapata ruhusa.

Kitanda kiwekwe ili ashuke upande ule ule anaoshuka nyumbani. Mtu anayesahau, mwili wake bado unakumbuka choo kiko kushoto au kulia. Mto wake, redio yake, kikwembe chake cha zamani, picha zenye majina nyuma. Jirani wa kanisa apewe siku yake ya kutembelea, ataishika kuliko watoto. Simu ya picha ya watoto wa nje iwe kabla ya saa kumi jioni. Wanaosahau wengi wanavurugika jua likishuka, na kuona uso wa mtoto ndani ya kioo saa hizo kunaweza kumtoa mlangoni kukutafuta.

Lango lifungwe, lakini mlango wa chumba usifungwe kwa ufunguo. Wakisema wanamfunga kwa kamba "asianguke", hapo majaribio yameisha. Ndani ya kila nguo mshonee namba ya simu yako.

Viatu: jozi mbili za kufungika, soli ya mpira, kisigino kifupi. Kambambili ziache nyumbani.

Mtoto wa Kamalondo

Sawa. Jumatatu saa kumi na mbili niko kwa masista na mita ya fundi. Yaya wa Katuba, nitakupigia simu kwanza, nataka uende nami.

Yaya wa Katuba

Nitakuja. Na mimi nitaonja bukari lao.